Mlonge ni Mboga Kwanza: Kuupanda, Kuula na Kuutumia kwa Tiba

Ukisoma maandishi yaliyobandikwa kwenye vifungashio vya unga wa mlonge, utadhani umeshika duka zima la dawa mkononi. Kisukari, presha, vidonda vya tumbo, upungufu wa damu, maumivu ya viungo na nguvu za kiume, yote yameorodheshwa katika kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, na mara nyingi chini yake huongezwa kwamba mti huu hutibu magonjwa 300. Mimi ni mpenzi wa mlonge. Ninao uani, ninaula mara kwa mara, na nimekwisha kuwagawia mbegu zake watu wengi, na ndiyo maana maneno hayo huniudhi. Yamewafanya watu wauone mti huu kuwa ni dawa ya kunywa kijiko kimoja asubuhi, ilhali majani mabichi yanapukutika mtini bila kuchumwa. Kwa maoni yangu mlonge ni mboga kwanza. Faida yake kubwa zaidi kwa afya humfikia mtu kupitia sufuria, kwa kuliwa mara nyingi na kwa wingi, na yale machache ambayo mti huu unaweza kuyafanya kwa upande wa tiba yanaeleweka vizuri zaidi mtu akianzia hapo.

Mlonge ninaouzungumzia ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Moringa oleifera, na ambao wengine huuita mronge au mzunze. Asili yake ni maeneo yaliyo chini ya milima ya Himalaya, kaskazini mwa India na Pakistani, ingawa leo umeenea karibu kote kwenye joto la kitropiki. Ni mmoja kati ya aina 13 tu zilizomo katika familia yake. Aina nyingine inayojulikana vizuri, Moringa stenopetala, ni ya kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Hiyo ina majani mapana zaidi na shina nene, na Wakonso wa Ethiopia wameifanya kuwa mboga yao ya kila siku tangu zamani. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mlonge una undugu wa mbali na kabichi, haradali na papai. Undugu huo si wa vitabuni tu. Tafuna kipande kidogo cha jani bichi lililokomaa na utasikia ukali wa haradali ukipanda puani. Ukali huo hutokana na kemikali ziitwazo glukosinoleti, ambazo jani likitafunwa au kupondwa huvunjwa na kimeng'enya kilichomo humo humo na kugeuka kuwa isothiosayaneti. Wanasayansi wanaochunguza uwezo wa mlonge kutuliza uvimbe na kushusha sukari wameelekeza macho mengi kwenye kemikali hizi, yaani kwenye kundi lile lile linaloifanya kabichi isifiwe na wataalamu wa lishe.

Kuupanda ni kazi rahisi kwa anayeelewa mambo mawili: mlonge unapenda jua, na mlonge unachukia maji yaliyotuama. Mengine yote unavumilia. Unaota kwenye maeneo yenye mvua kidogo hadi milimita 250 kwa mwaka, ingawa hapo majani yatakuwa machache. Unakubali udongo wa kichanga na hata udongo duni ambao mboga nyingine zingeukataa. Na unastahimili joto kali kwa muda mfupi hata linapozidi nyuzijoto 45. Hali inayoufaa hasa ni joto la kati ya nyuzi 25 na 35, kwenye maeneo yasiyo ya miinuko mikubwa. Baridi huufanya usimame kukua, na barafu ya usiku huuua hadi usawa wa ardhi, ingawa mara nyingi huchipua tena kutoka shinani. Lakini udongo wa mfinyanzi unaoshika maji baada ya mvua huozesha mizizi kwa siku chache tu, na mti ukishaanza kunyauka kwa sababu hiyo hakuna mbolea wala dawa itakayouokoa. Mwenye udongo wa namna hiyo ainue tuta kwanza, apande juu yake.

Mbegu za mlonge ni za mviringo, za rangi ya kahawia iliyokolea, na kila moja ina mbawa tatu nyembamba za karatasi zinazoisaidia kupeperushwa na upepo. Chagua mbegu za msimu huu, kwa sababu uwezo wake wa kuota hupungua sana zinapokaa zaidi ya mwaka, hasa zikihifadhiwa mahali penye joto na unyevu. Zilowekwe kwenye maji usiku mmoja; zile zinazoelea hata baada ya kulowekwa vizuri mara nyingi ni mapepe. Kisha zipandwe kwenye kina cha sentimita moja hadi mbili, si zaidi, na udongo udumishwe ukiwa na unyevu bila kulowa. Kwa kawaida huota ndani ya wiki moja hadi mbili. Nimeona watu wakifukua mashimo yao siku ya tano kuangalia kama mbegu imeoza, na kwa kufanya hivyo wakakivunja kichipukizi kilichokuwa kimeshaanza kujikunja kuelekea juu. Subira inahitajika hapo, walau hadi wiki mbili zipite.

Kuhusu kuotesha kwenye viriba au kupanda moja kwa moja shambani, mimi nipo upande wa kupanda moja kwa moja kila inapowezekana. Mche wa mlonge hushusha mzizi mkuu haraka sana, na ukiung'oa mche ambao bado ni mdogo utakuta chini yake mzizi mnene, mweupe, uliojaa maji. Huo ndio akiba ya mti wakati wa kiangazi, na kiriba kifupi huukunja ukaota ukizunguka chini. Ikiwa viriba haviepukiki, kwa mfano pale ambapo kuku na mbuzi hawazuiliki, basi viwe virefu na mche uhamishwe ukiwa na kimo cha sentimita 30 hivi, kabla mzizi haujafika mwisho wa kiriba.

Njia nyingine ni ya vipandikizi. Unakata tawi lililokomaa, lenye unene wa angalau sentimita nne na urefu wa mita moja hivi, unaliacha kivulini kidonda kikauke, kisha unachimbia theluthi moja yake ardhini. Tawi hilo huchipua upesi na hukupa majani na maganda ya mbegu mapema kuliko mti uliooteshwa kwa mbegu. Ubaya wake ni kwamba mizizi yake ni ya juu juu, na kwa kuwa mti wa mlonge ni laini na mwepesi, upepo mkali huuangusha wote mzima mzima. Kwa uzio kipandikizi kinafaa sana. Kwa mti unaotaka ukulishe miaka mingi mahali pakavu, panda mbegu.

Nafasi kati ya mti na mti inategemea unachokitaka. Anayetaka maganda na mbegu aache mita tatu hadi tano, ili kila mti upate jua pande zote. Anayetaka majani anaweza kubana sana: wapo wanaopanda kwa nafasi ya sentimita 10 kwa 10 au 20 kwa 20, wakivuna mashina machanga mazima mazima, lakini kilimo hicho hudai mbolea na maji mengi, na ukikiacha bila samadi udongo huchoka haraka. Kwa bustani ya nyumbani naona mstari wa miti iliyoachana nusu mita hadi mita moja unatosha kabisa, na palizi yake haisumbui.

Jambo ambalo huwashinda wengi ni kuupogoa mti, na sababu yake ni huruma. Mlonge ukiachwa hukimbilia juu: mwaka wa kwanza tu unaweza kupita mita tatu, na baadaye kufika mita 10 au 12, ukiwa na shina tupu chini na majani machache kileleni ambako mkono haufiki. Mti wa namna hiyo ni wa kutazamwa. Mche ukifika kimo cha mita moja, kata ncha yake. Machipukizi yatatokea ubavuni. Nayo yakifika urefu wa mkono, kata ncha zake pia. Baada ya hapo mti huwa kichaka chenye matawi mengi ya kufikika, na unaweza kuukata hadi usawa wa kiuno au goti kila unapovuna majani. Katika kipindi cha mvua na joto, au panapomwagiliwa, machipukizi huwa tayari kuvunwa tena baada ya siku 35 hadi 45. Kata kwa kisu kikali au mkasi, kwa mshazari, ili maji ya mvua yasikae juu ya kidonda. Mti huu huvunjika kwa urahisi, na tawi likichanwa kwa mkono ganda lake huchubuka hadi chini na kuwafungulia mlango kuvu na wadudu.

Wadudu wenyewe si wengi. Mchwa hula miche michanga katika udongo mkavu, viwavi huweza kuvua mti majani yake yote katika siku chache za mwanzo wa mvua, na vidukari hupenda ncha changa. Kwa kuwa majani ndiyo chakula, sioni busara ya kuyapulizia sumu za dukani. Viwavi wakizidi, kata mti wote, uchome au uwalishe kuku kilichotoka, na mti utachipua upya. Adui mkubwa ni mbuzi. Mbuzi hawana simile na mlonge: watakula majani, watakula maganda ya shina, na mche waliouguguna mara mbili tatu hauinuki tena.

Sasa tufike jikoni. Tawi la mlonge lina vikonyo vilivyogawanyika mara mbili au tatu, na mwisho wa kila kikonyo kuna majani madogo ya umbo la yai, mengi yakiwa na urefu wa sentimita moja hadi mbili. Kuyachambua moja moja ni kazi ya kukatisha tamaa. Shika kikonyo kwenye ncha yake kwa mkono mmoja, kisha kwa vidole viwili vya mkono wa pili teleza ukielekea nyuma, shinani. Majani yatapukutika yote kwa pamoja na kikonyo kitabaki kitupu. Ikiwa kikonyo kinakatika katika badala ya kuacha majani, hicho ni kichanga na kinaweza kupikwa chote. Wengine huyafunga matawi ndani ya kitambaa usiku kucha, na asubuhi wanayakung'uta tu majani yakadondoka yenyewe. Ondoa vikonyo vilivyokomaa bila huruma, kwa maana havilainiki hata uvipike hadi jioni, na vingi vya vile vinavyowachoma watu kooni wakasema hawapendi mlonge ni hivyo.

Majani machanga yanaiva kwa dakika chache tu na ladha yake ni ya mboga ya kijani iliyo nzito kidogo. Yaliyokomaa ni machungu zaidi na yanahitaji muda. Kumwaga maji ya kwanza hupunguza uchungu, lakini huondoka na vitamini pia, kwa hiyo mimi huona ni afadhali kuchuma mapema kuliko kumwaga. Hapa nina neno la kuwatuliza wanaoogopa kuyapika wakidhani moto unaua kila kitu. Kulingana na majedwali ya chakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za majani mabichi zina gramu 9.4 za protini, miligramu 185 za kalisiamu, miligramu 4 za madini ya chuma na miligramu 52 hivi za vitamini C. Yakichemshwa na kuchujwa vitamini C hushuka hadi miligramu 31, ambayo bado ni nyingi kwa mboga iliyopikwa. Kwa upande wa chuma, uchunguzi wa maabara uliofanywa na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichopo Taiwani ulionyesha kwamba kuchemsha majani ya mlonge huongeza kiasi cha chuma kinachoweza kufyonzwa. Chuma cha mboga hakifyonzwi kwa urahisi katika hali yoyote, kwa hiyo kukamulia ndimu au limao juu ya mboga iliyokwisha kuiva ni jambo la maana kwa mwili zaidi ya kuwa la ladha.

Tarakimu hizo zinatosha kuufanya mlonge uheshimike, na ndiyo maana sioni sababu ya kuzitia chumvi. Huenda umewahi kusikia kwamba mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa na kalisiamu mara nne ya maziwa. Ukirudi kwenye majedwali hayo hayo, gramu 100 za chungwa zina miligramu 53 hivi za vitamini C, yaani sawasawa na majani mabichi. Na maziwa ya ng'ombe yana miligramu 115 hivi za kalisiamu, kwa hiyo mlonge unayapita kwa mara moja na nusu, wala si mara nne. Vipimo hutofautiana kulingana na udongo, umri wa jani na aina ya mti, na vipo vilivyotoa tarakimu za juu zaidi. Lakini nyingi ya zile hesabu za kustaajabisha zinatokana na ujanja mmoja: gramu 100 za unga mkavu hulinganishwa na gramu 100 za tunda au kinywaji kilichojaa maji. Karibu asilimia 79 ya jani bichi ni maji. Ukiyaondoa maji hayo, kila kirutubisho kisichoharibika huonekana kimeongezeka mara nne na zaidi, kwa mlonge na kwa mboga nyingine yoyote ya majani.

Isitoshe, hakuna anayekula gramu 100 za unga. Protini ni takriban robo ya uzito wa unga wa mlonge, hivyo kijiko cha gramu tano kitakupa gramu moja na kidogo, wakati yai moja lina gramu sita hivi. Kijiko hicho si kitu cha kudharau kwenye uji wa mtoto anayekula nafaka tupu kila siku, na kwa matumizi hayo unga umejipatia sifa halali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Lowell Fuglie, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la Church World Service nchini Senegali, aliueneza sana mpango wa kuwapa watoto na kina mama unga wa majani ya mlonge, na kazi hiyo ndiyo iliyochangia kwa kiasi kikubwa kuufanya mti huu ujulikane duniani kama chakula cha kupambana na utapiamlo. Hata hivyo unga huongezwa kwenye mlo. Hauwezi kuchukua nafasi ya maharage, samaki au yai, na mtoto mwenye utapiamlo mkali ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali.

Anayetaka kuutengeneza nyumbani achume asubuhi umande ukishakauka, aoshe matawi kabla ya kuyapukutisha, kisha atandaze majani kwa tabaka jembamba juu ya wavu au kitambaa safi, ndani ya chumba chenye hewa inayopita. Jua la moja kwa moja huyapausha na kuharibu sehemu kubwa ya vitamini A. Yageuzwe mara kwa mara. Yamekauka vya kutosha yanapovunjika yakibanwa kati ya vidole bila kukunjika. Yakiwa bado yanakunjika, yaache, kwani unyevu kidogo tu utauozesha unga wote kwa ukungu ndani ya chombo. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa takriban kilo moja ya makavu. Twanga, chekecha, weka kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala hewa, na utumie ndani ya miezi michache. Unga mzuri ni wa kijani kibichi na unanukia mboga. Ukiona wa kahawia au unaonukia vumbi, huo umekauka vibaya au umekaa mno. Na kwa kuwa hukaushwa bila kupikwa, unaweza kubeba bakteria wa matumbo kutoka kwenye mikono au mavumbi, kwa hiyo ni salama zaidi kuutia kwenye chungu kikiwa bado kinachemka kuliko kuukoroga kwenye maji baridi au juisi.

Sehemu nyingine za mti nitazipitia upesi. Maganda machanga, kabla hayajawa na nyuzi ngumu, hukatwa vipande na kupikwa kwenye mchuzi. Yaliyokomaa kidogo hupikwa pia, ila mtu hufyonza nyama ya ndani na kutema nyuzi. Maua ni meupe yanayokaribia rangi ya maziwa, yananukia, nyuki huyafuata, na huliwa yakishapikwa. Mbegu kavu zina mafuta yanayofikia asilimia 35 hadi 40 ya uzito wake, mafuta ambayo karibu asilimia 70 ni asidi ya oleiki, ile ile inayoongoza katika mafuta ya zeituni. Hayachachi upesi, na zamani yaliwahi kutumika kulainisha mitambo ya saa. Mizizi ndiyo sehemu pekee ninayosema wazi iachwe. Ina ukali unaowavutia watu kuitumia kama kiungo, lakini ganda lake lina alkaloidi zenye sumu, na kwa mama mjamzito mzizi na ganda la shina vinajulikana kwa kusababisha tumbo la uzazi kukaza na mimba kuharibika.

Mbegu zina kazi nyingine ambayo binafsi huiona ya ajabu kuliko zote, nayo ni kusafisha maji yenye tope. Katika Sudani kina mama walizitumia kutakasa maji ya Mto Nile, na mtaalamu Samia Al Azharia Jahn aliichunguza na kuiandikia desturi hiyo tangu miaka ya 1970. Ndani ya kiini cha mbegu kuna protini zenye chaji chanya, na chembe za udongo zinazoelea majini huwa na chaji hasi. Zikikutana hushikana, huwa madonge, na madonge huzama. Mbegu lazima ziwe zimekaukia mtini. Unazimenya, unatwanga viini vyeupe, unachanganya unga wake na maji safi kidogo, unachuja kwa kitambaa, kisha unamimina maji hayo meupe kama maziwa kwenye ndoo ya maji yenye tope. Kiini kimoja hadi viwili kwa lita ni makadirio ya kuanzia, kulingana na wingi wa tope. Koroga kwa kasi dakika moja au mbili, kisha polepole kwa dakika 10 hivi, halafu acha bila kugusa kwa saa moja au mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia hii ilijaribiwa katika mtambo wa maji huko Thyolo, Malawi, ikafanya kazi vizuri. Tope linaposhuka hushuka na asilimia kubwa ya bakteria, mara nyingi zaidi ya 90, ila wanaobaki wanatosha kuumiza mtu, na mabaki ya mbegu ndani ya maji huwapa chakula cha kuzaliana. Maji hayo basi yachemshwe au yatiwe klorini, na yatumike siku hiyo hiyo.

Nimebakiza dawa hadi mwisho kwa makusudi. Kuna tafiti ndogo kwa binadamu zinazoonyesha kwamba majani ya mlonge yakiliwa pamoja na chakula huweza kupunguza kiasi fulani kupanda kwa sukari baada ya mlo kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Utafiti mmoja wa Ufilipino wa mwaka 2000 uliwapa akina mama waliojifungua watoto njiti vidonge vya majani ya mlonge, na maziwa yao yakaongezeka kuliko ya wenzao. Kuhusu presha, lehemu na uvimbe, sehemu kubwa ya ushahidi bado inatoka kwenye panya na maabara. Hayo yanatosha kumfanya mtu aipende mboga hii. Hayatoshi kabisa kumfanya aache vidonge vyake, na kwangu mimi huo ndio mpaka usiovukika: anayeuza mlonge huku akimwambia mgonjwa aache insulini au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anamuua mgonjwa huyo taratibu.

Wapo pia wanaotafuna mbegu kila asubuhi. Kwanza huwa chungu, kisha maji yanayonywewa baada yake huonekana kuwa matamu, na utamu huo umewashawishi wengi kwamba kuna kitu kinafanya kazi mwilini. Mbegu mbichi zina nguvu kubwa tumboni, nyingi huharisha, na sijaona sababu ya kuzigeuza kuwa zoezi la kila siku ilhali majani yapo.

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, majani yaliyopikwa hayana kiwango cha kuogopwa kuliko mboga nyingine za kijani, ingawa anayeanza anaweza kusumbuliwa na tumbo kwa siku chache na ni vema aanze na kidogo. Wanaopaswa kuwa waangalifu ni wachache na wanajulikana. Anayetumia warfarini kuzuia damu kuganda akumbuke kwamba majani ya kijani yana vitamini K nyingi, ambayo hupingana na dawa hiyo; asibadilishe ghafla kiasi anachokula bila kumweleza daktari. Anayetumia dawa za tezi ya shingo asizimeze pamoja na unga wa mlonge. Mama mjamzito ale majani kama mboga akipenda, lakini asiguse mizizi, magome wala vidonge vya dondoo visivyojulikana kilichomo. Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, utafiti uliofanywa Zimbabwe uligundua kwamba unga wa majani haukubadilisha kwa kiasi cha maana kiwango cha nevirapini katika damu, lakini matokeo hayo ni ya dawa hiyo moja na hayawezi kuhamishiwa kwenye nyingine. Na mwenye kisukari au presha anayemeza vidonge na anataka kuanza kula mlonge kila siku, apime sukari au presha yake kwa ukaribu zaidi wiki za mwanzo, aviandike vipimo hivyo, na avipeleke kliniki akiwa amevitaja vyote anavyotumia, unga wa mlonge ukiwemo.